Ibaki Ipi?

Kidaftari kinasema kilo mia mbili na kumi na mbili.
Kompyuta inasema mia moja na arobaini.
Jina lilelile, Somoe Chitope wa Mnyambe,
namba ya kadi ileile,
na mwenyewe yupo hapa kwenye benchi la chama,
stakabadhi mbili mkononi,
vidole vimechunwa na utomvu wa maganda.
Haulizi kitu. Ananitazama tu.

Nimechomoa waya, nikauchomeka tena.
Nimefuta meno yake kwa upindo wa shati,
nikayapuliza kama mtu anayempozea mtoto uji.
Nimekikalisha kidaftari upya kwenye kitako chake
na kubonyeza kitufe kilichofutika alama.
Mshale ukazunguka, ukazunguka.
Asilimia sitini na nne.
Ukasimama palepale uliposimama jana.

Katibu wetu, Bwana Namwaka,
ana dawa moja kwa kila ugonjwa: zima, washa.
Ndivyo alivyotibu redio, pampu ya kisima
na ndoa yake ya kwanza.
Nikazima. Nikawasha.
Kioo kikaniuliza kwa herufi za adabu:

*Kumbukumbu mbili hazilingani. Ibaki ipi?*

Kompyuta ikifute kidaftari.
Kidaftari kiifute kompyuta.
Usifanye kitu.

Hakuna kitufe cha kumuuliza Somoe.

Tofauti ni kilo sabini na mbili.
Hapa Kitangari hizo ni bati za upande mmoja wa paa,
au ni ada, au ni deni la dawa ya kupulizia mikorosho.
Kangomba anayepita usiku na kopo lake
angalau unamwona uso anapokupunja.
Mimi ningempunja kwa kidole kimoja,
mchana, feni ikizunguka,
na mashine ingenishukuru: *imekamilika*.

Nikamuuliza.

"Jumanne mlinipimia magunia mawili," akasema.
"La tatu mlilikataa, mkasema lina unyevu.
Nikalianika siku tatu, nikalilinda na mbuzi wa jirani.
Ijumaa ulikuja mwenyewe na hicho kijitu chako,
ukaandika umesimama, mvua inaanza."

Karatasi ya pili ndiyo iliyolowa.
Tarakimu zimekuwa wingu la buluu.

Ijumaa.
Nikakumbuka njia ya kurudi, pikipiki na tope jekundu,
kidaftari mfukoni kikakata roho,
betri kwisha kabisa.
Nilikichaji usiku. Kilipofufuka
kilijiona kiko Januari mosi, saa sita usiku,
mwaka ambao mwanangu wa pili hajazaliwa.
Sikuangalia. Nani huangalia tarehe
kwenye kitu kinachomwambia yeye tarehe?

Basi kompyuta ilipokutana nacho
ikaona: ya Jumanne ni mpya, ya Ijumaa ni ya kale.
Ikaheshimu mpya.
Haikuwa na hila. Ilipewa saa mbovu
ikahukumu kwa haki.

Nikatafuta ile kalamu yake isiyo na wino,
nikagusa siku, mwezi, mwaka,
nikavivuta kimoja kimoja mpaka leo.
Nikarudia kuandika mstari mmoja, taratibu,
Somoe akinitajia kilo kana kwamba anataja majina ya watoto.
Nikabonyeza.
Sitini na nne. Sitini na nne.
Sitini na tano.

Alipoona namba yake kwenye kioo kikubwa
hakucheka, hakunishukuru.
"Kilidhani ni lini?" akauliza.
Nikamwambia.
"Januari mosi saa sita usiku!
Nani anapima korosho saa hizo?"
Akakunja stakabadhi, ile kavu ndani ya iliyolowa,
akazifunga kwenye pindo la kanga, akatoka.

Bado kumbukumbu arobaini na moja,
kila moja ina mtu kwenye benchi au njiani.
Nikachukua kalamu yenye wino
nikaandika tarehe ya leo mgongoni mwa mkono wangu,
ili umeme ukikatika
mmoja wetu awe anajua.